Nyama ya Porini: Usimfiche Mganga

Leo tuzungumze juu ya kitoweo. Sisemi kitoweo cha buchani wala cha mnadani. Nasema kile kinachofika nyumbani usiku ndani ya gunia, na watoto wanaambiwa, "Kuleni, lakini msiseme kwa majirani."

Sisi wa Ntalikwa na vijiji vya jirani twaishi karibu na pori. Humo mna mitundu na mininga, mna mizinga ya nyuki, mna uyoga wakati wa mvua. Mna pia nsya, pongo, swala na ngiri. Tangu zamani watu wa Unyamwezi waliwinda. Misafara iliyopita Tabora kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipopata nyama porini, iliikata vipande na kuikausha juu ya moto, ikaendelea na safari. Kwa hiyo sitakuambia kwamba nyama ya porini ni kitu kibaya. Nyama hujenga mwili. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwafundisha wazee wetu umuhimu wa kula vyakula vya aina mbalimbali. Mtoto anayekula ugali na mlenda peke yake kila siku hawezi kukua vizuri.

Ninachotaka kusema ni hiki: nyama inayofichwa ndiyo inayotuua. Hufichwa inapopatikana, hufichwa inapochunwa, na mwisho hufichwa mbele ya mganga.

KIDONDA CHEUSI

Nitakusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sitataja kijiji wala jina la mtu.

Mwishoni mwa kiangazi alikuja baba mmoja zahanati. Mkononi, karibu na kidole gumba, alikuwa na kidonda. Katikati kilikuwa cheusi kama mkaa. Pande zote mkono ulikuwa umevimba. Nilipokibonyeza hakusikia maumivu.

"Shikamoo, baba. Kidonda hiki kilianzaje?"

"Marahaba, Daktari. Ni mwiba tu. Nilikuwa natafuta kuni."

Nilimwamini. Nilikisafisha, nikakifunga, nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Hilo lilikuwa kosa langu. Chuoni tulifundishwa kwamba kidonda cheusi kisichouma si cha kupuuzwa, lakini mimi nilisikiliza habari ya mwiba.

Kesho yake mke wake alikuja amembeba mtoto. Mtoto alikuwa na homa kali. Alitapika, tumbo lilimuuma, na choo chake kilikuwa na damu. Nilimwuliza mama walikula nini. Aliinamisha kichwa. Nilimwuliza mara ya pili. Akajibu kwa sauti ndogo, "Baba yao aliokota pongo kule mbugani. Alimkuta amekwisha kufa."

Hapo nilielewa. Nilishuku kimeta. Nilianza dawa papo hapo, na siku ileile mtoto na baba yake wakapelekwa hospitali. Wote wawili walipona. Baba amebaki na kovu.

Lakini shida haikuishia hapo. Nyama ya yule pongo iligawiwa katika nyumba nyingine. Nilipopita kuuliza, kila nyumba ilijibu, "Sisi hatukula." Waliogopa askari. Ilibidi yule baba, kabla ya kupanda gari la hospitali, awaite jirani zake na kusema mbele ya watu: "Jamani, mimi ndiye niliyewapa. Semeni, mtibiwe." Ndipo watu walipotoka mmoja mmoja. Wawili kati yao walikuwa tayari wana homa.

Ndugu msomaji, fikiri. Kama yule mama angeendelea kunyamaza siku mbili zaidi, leo tungekuwa tunahesabu makaburi.

KIMETA NI NINI?

Kimeta ni ugonjwa wa wanyama unaoweza kumpata binadamu. Huwapata ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini walao majani. Vijidudu vyake hujigeuza kuwa kama mbegu ngumu. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka mingi, hata miongo. Mnyama huzipata anapokula majani mafupi ya kiangazi au anapokunywa maji machafu ya dimbwi.

Mnyama mwenye kimeta mara nyingi hufa ghafula. Huvimba upesi. Damu nyeusi isiyoganda huweza kutoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa. Lakini usingojee kuona damu. Mara nyingine haionekani.

Binadamu hupata kimeta kwa njia hizi:

1. Kwa kushika mzoga, damu au ngozi huku mkono una mkwaruzo. Huanza kipele kinachowasha, halafu lengelenge, halafu kidonda cheusi kisichouma.

2. Kwa kula nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Mtu hupata homa, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara damu.

3. Kwa kuvuta vumbi lenye mbegu zile, kama vile katika kazi ya ngozi. Hii hutokea mara chache, lakini ni ya hatari kuliko zote.

Watu wengi husema, "Tutaichemsha sana." Kuchemsha kwa kawaida hakuziui kwa hakika mbegu za kimeta. Tena, yule anayechuna ameshika damu kabla sufuria haijapanda jikoni.

Hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2011 huko Zambia, wilaya ya Chama, viboko walikufa kwa kimeta kando ya mto Luangwa. Watu walikuwa na upungufu wa chakula. Walichukua nyama, wakala, wakagawiana. Mamia waliugua na watu 5 walikufa. Watafiti walipowauliza baadaye, baadhi walisema njaa ikirudi watakula tena. Mimi siwacheki watu hao. Najua njaa ni nini. Lakini njaa haiondoi sumu iliyo ndani ya mzoga.

"MBONA WAZEE WALIKULA?"

Naulizwa swali hili mara nyingi. "Wewe kijana, sisi tumekula nyama ya kuokota tangu utoto, mbona hatukufa?"

Wazee wangu, mnasema kweli. Si kila mnyama aliyekufa porini amekufa kwa kimeta. Mwingine aliumizwa na chui, mwingine alivunjika mguu, mwingine alikufa kwa kiu. Lakini ukimkuta amelala hapo, huwezi kujua. Mtu anayevuka barabara amefumba macho anaweza kuvuka salama mara kumi. Mara ya kumi na moja lori litampitia.

Tena, siku hizi kuna jambo ambalo babu zetu hawakuwa nalo. Nalo ni dawa za wadudu. Sisi ni wakulima wa tumbaku na pamba, na dawa hizo zimo majumbani mwetu. Wako watu waovu wanaozitia katika maji au chumvi ili waue wanyama wengi kwa mara moja. Sumu ya namna hii haitoki kwa kupika wala kwa kukausha. Ukiona mnyama amekufa kando ya dimbwi, na ndege wamekufa karibu yake, ondoka. Wala usichukue maji hapo.

Basi kanuni ya kwanza ni fupi. Hata anayeanza kusoma leo anaweza kuishika: MNYAMA ALIYEKUTWA AMEKUFA HALIWI, HACHUNWI, HAGUSWI.

Ukimkuta, mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, naye amwite bwana mifugo au watu wa wanyamapori. Mzoga usipasuliwe. Ukipasuliwa, damu humwagika, na mbegu za kimeta huzaliwa kwa wingi na kukaa katika udongo. Mzoga huchomwa moto au huzikwa shimo refu na wenye ujuzi. Mbwa nao wazuiwe wasiufikie.

NYAMA YA HALALI NAYO YATAKA USAFI

Sasa tuseme juu ya nyama iliyopatikana kwa njia halali. Mnyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, yasema anayewinda lazima awe na leseni au kibali. Haimruhusu mtu kuwinda apendavyo kwa mtego wa waya, kwa sumu, wala kwa tochi usiku. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha yenye leseni. Mimi si bwana nyama, na kazi ya sheria ina wenyewe. Lakini nataka uone kwamba hata kwa upande wa afya, njia ya halali ina faida. Mwenye kibali huchuna mchana. Mwenye kuiba huchuna usiku, chini, kwa haraka, bila maji, huku akigeuka nyuma. Nyama yake hujaa mchanga, manyoya na mavi. Halafu hufungwa katika mfuko wa mbolea au chombo kilichokuwa na dawa ya tumbaku.

Ukipata nyama ya halali, au hata ukichinja mbuzi wako nyumbani, fuata mambo haya:

1. Mtazame mnyama akiwa hai. Mnyama aliyekonda sana, anayetoa mapovu, anayeyumba, au asiyemwogopa mtu, mwache. Huenda ana kichaa cha mbwa au ugonjwa mwingine.

2. Mwenye kidonda mkononi asichune. Kama una glavu, vaa. Nawa kwa sabuni kabla ya kazi na baada ya kazi.

3. Usichune juu ya udongo. Mtundike mtini. Kama hakuna mti, tandika majani mabichi mengi.

4. Tumia visu viwili, kimoja cha ngozi na kingine cha nyama. Kama una kimoja tu, kioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa nyama.

5. Funga utumbo kwa kamba pande zote mbili kabla ya kuutoa, ili mavi yasimwagike. Usichelewe. Utumbo ukikaa ndani ya mnyama kwenye joto, nyama huharibika.

6. Tazama ini, mapafu na bandama. Ukiona usaha, uvimbe, malengelenge yenye maji, au bandama kubwa nyeusi laini, acha kazi. Mwite bwana mifugo. Usiwape mbwa viungo hivyo, maana minyoo mingine hupita kwa mbwa na kurudi kwa watoto wetu.

7. Kama mnyama alikuwa na mimba, mfuko wa uzazi na maji yake usishikwe kwa mikono mitupu. Humo huweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Binadamu akiupata, huumwa homa inayokwenda na kurudi kwa majuma mengi, pamoja na maumivu ya mgongo na viungo.

8. Kama mnyama alipigwa kwa bunduki au gobore, kata na kutupa nyama yote iliyozunguka tundu. Vipande vya risasi vina madini ambayo hudhuru akili ya mtoto polepole.

9. Pika vipande vidogo mpaka ndani pasiwe na wekundu. Nyama ya ngiri hasa ipikwe sana, maana huweza kuwa na minyoo. Moshi na jua peke yake haviui minyoo hiyo.

10. Nyama ya kukausha ikatwe nyembamba, itiwe chumvi, ianikwe juu ambapo hewa inapita, na ifunikwe dhidi ya nzi. Kabla ya kuliwa, ichemshwe tena.

PORINI KWENYEWE

Kuna ugonjwa mwingine ambao haupatikani kwa kula nyama. Ni malale. Huletwa na ndorobo anayeuma mchana. Pongo na wanyama wengine huweza kuwa na vijidudu vya malale katika damu yao bila kuugua. Ndorobo humuuma mnyama, halafu humuuma mwindaji au mrina asali.

Mkoa wetu unaujua ugonjwa huu. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Basi ukienda porini, vaa nguo nzito ya mikono mirefu. Usivae nyeusi wala buluu, maana rangi hizo huwavuta ndorobo. Ukirudi na baada ya siku chache ukapata uvimbe ulipoumwa, homa, kichwa kikali na matezi shingoni, nenda ukapimwe damu. Usinywe dawa ya malaria nyumbani ukangojea. Malale yakifika kwenye ubongo, matibabu huwa magumu.

Tena, mbwa wako wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, bweha au fisi, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu uende zahanati siku ileile. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.

NENO LANGU KWA WOTE

Wagonjwa wengi hudhani mganga ni mpelelezi. Wanasema "mwiba" badala ya "mzoga". Wanasema "nilikwenda shamba" badala ya "nililala porini siku nne". Ndugu yangu, mimi siwezi kutibu mwiba ambao haukukuchoma. Ukinificha, unaifanya dawa yangu kuwa ya bahati nasibu.

Nikikuuliza ulishika nini na ulikula nini, sitafuti kesi. Natafuta ugonjwa. Nitakueleza ukweli pia: kimeta lazima kitolewe taarifa, kwa sababu kinaweza kuua kijiji. Nitasema kuna kimeta, nitasema mzoga uko wapi, na nyumba zilizokula zitatibiwa. Lakini sitapeleka jina lako kwa askari ili ushitakiwe. Siri ya mgonjwa ni siri.

Naomba na viongozi wa vijiji wasikie. Mtu anapoleta habari ya mzoga, asianze kuhojiwa kama mwizi. Akitishwa leo, kesho mwingine atanyamaza, na nyama italiwa. Afadhali kumshukuru mbele ya mkutano.

Na tujitahidi kupata kitoweo chetu wenyewe. Kuku wetu wengi hufa kwa kideri. Chanjo yake hutiwa tone moja jichoni, mara tatu au nne kwa mwaka. Nyumba kumi zikichanga, chupa moja hutosha kuku wa wote. Fugeni na sungura. Pandeni kunde na karanga, maana nazo hujenga mwili. Mwenye kuku ishirini bandani hana haja ya kumwinamia mzoga mbugani.

Yule baba mwenye kovu bado huja zahanati. Safari hizi haji kwa ugonjwa wake. Akiona kijana ana kidonda mkononi, humshika na kumleta. Humwonyesha kovu lake na kumwambia, "Sema kweli mapema. Mimi nilisema mwiba, mwanangu akakaribia kufa."

Ndugu msomaji, mwisomee neno hili na yule ambaye bado hajui kusoma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA

1. Ukimkuta swala amekufa mbugani, utafanya nini? Utamwambia nani kwanza?

2. Kidonda cha kimeta kina dalili gani?

3. Kwa nini mnyama asichunwe juu ya udongo?

4. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowafanya watu wamfiche mganga? Tufanye nini ili wasimfiche?